Dada Yangu ni Mtu Mzima: Tumewahi Kumuuliza?



Kijana mwenzangu, somo hili nimelikwepa muda mrefu. Nimeshaandika kuhusu uchumba, kuhusu kufunga, kuhusu simu wakati wa Misa, na hili nikawa naliruka kwa sababu linagusa nyumbani kwetu, na kwa sababu mimi mwenyewe nimekosa humu. Nimemwomba dada yangu ruhusa. Amesema niandike, ila nisitaje jina lake, na niseme kwamba anajua kupika wali. Anajua kupika wali.

Ilikuwa semina ya vijana parokiani kwetu, Morogoro. Sista aliyekuwa akitufundisha alimaliza mada ya uchumba na ndoa, akauliza nani ana swali. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Dada. Ana miaka 29. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, shule aliishia darasa la pili, na kwenye faili lake la hospitali wameandika ulemavu wa akili. Ukweli ni kwamba sikumleta pale kama mshiriki. Mama alikuwa msibani na nyumbani hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Akasimama, akauliza: "Na mimi nitaolewa?"

Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya, ni kile cha kumcheka mtoto aliyesema neno la wakubwa. Mimi nikamvuta gauni, nikamwambia akae chini. Sista akasema ni swali zuri, atalijibu mwishoni. Mwishoni muda ukawa umeisha.

Dada alikuwa na sababu ya kuuliza. Langoni pa kanisa, kila Jumapili baada ya Misa ya pili, kuna kaka mmoja anauza sabuni ya maji na fagio, vitu wanavyotengeneza kwenye kituo cha ufundi cha watu wenye ulemavu. Naye ana ulemavu wa akili, mwepesi kuliko wa Dada, pamoja na kigugumizi. Kwa miezi kadhaa Dada alikuwa akitoka Misani anakwenda kusimama pale mezani, anapanga chupa. Maongezi hayakuwa mengi. Siku moja kaka yule akamsindikiza hadi kona ya kwetu, amembebea mwavuli. Majirani wakaona, na habari zikafika kwa Baba kabla Dada hajafika.

Uamuzi ulitoka usiku uleule. Dada asiende tena Misa ya pili, aende ya kwanza, na asitembee peke yake. Simu yake ndogo ya tochi ikachukuliwa. Na mimi, katibu wa VIWAWA, mtu wa semina, ndiye niliyetumwa kumwambia kaka wa sabuni amwache dada yangu. Nilimwambia mbele ya wateja wake. Alijaribu kunijibu, kigugumizi kikamshika, nikaondoka kabla hajamaliza.

Simlaumu Baba wala Mama. Mama huwa anasema, "Mwanangu, mimi nikifa nani atamlinda huyu?" Mzazi yeyote mwenye mtoto kama dada yangu amewahi kukosa usingizi kwa swali hilo. Na hofu yao ina msingi. Watu wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kimwili na kingono kuliko wengine, hili limeonekana nchi nyingi, na mara nyingi mkosaji si mpita njia. Ni mtu anayefahamika: ndugu, jirani, mlezi, mwalimu.

Hilo la mwisho ndilo hatukulifikiria. Kwa kuwa Dada hakuruhusiwa kutembea peke yake, tukamtafutia msindikizaji, baba mmoja wa karibu na familia, mwenye mke na watoto, anayeaminika. Alikuwa akimpeleka jumuiya na kumrudisha. Baada ya miezi mitatu tukaona Dada hataki tena jumuiya, anajifungia, analia akiambiwa avae. Tukasema ni ukaidi, eti bado anamlilia kaka wa sabuni. Aliyefanikiwa kuzungumza naye ni yule Sista wa semina, siku alipokuja kutusalimu. Walikaa jikoni wakichambua mchele, na katikati ya mchele Dada akamwambia kwamba yule baba anamshika, na yeye hataki. Sista akamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akajibu: "Walisema nisimkatalie mkubwa."

Kweli tulisema. Tangu akiwa mdogo tulimfundisha kumtii mkubwa, kutobisha, kupokea anachopewa na kusema asante. Watu wote walimsifu kwa utii wake, na sisi tukafurahi. Kukataa hatukumfundisha hata siku moja. Hatukumfundisha majina ya sehemu za mwili wake, wala kwamba mwili ule ni wake. Na kaka wa sabuni, ambaye baadaye tulikuja kujua kwamba aliwahi kumuuliza Dada kama anaweza kumshika mkono, akangoja jibu, ndiye tuliyemfukuza.

Kesi ya yule msindikizaji inaendelea, kwa hiyo siingii ndani zaidi. Ila kama jambo la namna hii limetokea kwenu, msianze kama sisi tulivyotaka kuanza, na kikao cha ukoo. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo mnapopata fomu ya PF3. Kama mtu amebakwa, asioge, nguo zake zisifuliwe, afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya muda huo. Ukoo utakaa baadaye.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Nilidhani kuna mizani: huku ulinzi, huku haki ya kupenda na kupendwa, ukiongeza kimoja unapunguza kingine. Sisi tuliweka uzito wote upande wa ulinzi. Na matokeo yake tulimwondolea rafiki aliyekuwa akimwomba ruhusa, tukamkabidhi kwa mtu asiyeomba. Kadiri tulivyomtenga na watu, ndivyo wachache waliobaki karibu naye walivyopata nguvu juu yake, na ndivyo masikio ya kumsikiliza yalivyopungua. Sista yule hakuwa mtu wa nyumbani kwetu, na ni yeye aliyesikia.

Nadhani tatizo letu vijana wa Kanisa linaanzia kwenye jinsi tunavyowaona. Kuna wanaowaita watu kama dada yangu malaika, watakatifu wasio na dhambi, ambao mambo ya mwili hayawahusu. Kuna wengine wanasema kwa kunong'ona kwamba hao wakianza hawawezi kujizuia. Ni mawazo mawili yanayopingana, lakini yote yanakufikisha palepale: hakuna haja ya kuwafundisha. Ndiyo maana kwenye semina nzima ya uchumba Dada alikuwa pale kama mzigo niliobeba, si kama mtu anayesoma.

Kanisa halikufundisha hivyo. Januari 2004, Papa Yohane Paulo wa Pili aliuandikia mkutano uliofanyika Roma kuhusu hadhi na haki za watu wenye ulemavu wa akili. Alisema waziwazi kwamba upande wa hisia na jinsia katika maisha yao mara nyingi unapuuzwa au kugusiwa juujuu, na kwamba hitaji lao la upendo si dogo kuliko la mtu mwingine. Wanahitaji kupenda na kupendwa, wanahitaji ukaribu na upole. Alizungumzia malezi ya upande huo, yaani mtu afundishwe. Aliyesoma barua ile hawezi kumwambia dada yangu akae chini.

Na ndoa je? Hapa nilikwenda kwa Baba Paroko, maana nilikuwa na jibu tayari kichwani kwamba sheria inakataa. Akafungua Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, akanionyesha kwanza kanuni ya 1058: mtu yeyote asiyezuiwa na sheria anaweza kufunga ndoa. Yaani tunaanza na haki, kisha kizuizi ndicho kinachotakiwa kuonyeshwa. Halafu kanuni ya 1057, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili wenyewe, na hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuitoa badala yao. Fikiria kanuni hiyo nyumbani kwetu Afrika. Kuna binti mwenye ulemavu wa akili ambaye ukoo unamkabidhi kwa mwanaume "amsitiri", hajui hata anakwenda wapi. Kuna kijana mwenye ulemavu ambaye wazazi wanamtafutia msichana kutoka kijijini aje amfulie na kumpikia, na msichana hajaambiwa ukweli wote. Wakwe wanaweza kunywa soda na mahari ikaisha kulipwa. Bila ridhaa ya wawili wenyewe, mbele ya Kanisa hapo hakuna ndoa.

Kanuni ya 1095 ndiyo inayotaja wasioweza kufunga ndoa: asiye na matumizi ya kutosha ya akili, mwenye upungufu mkubwa wa kupambanua haki na wajibu wa msingi wa ndoa, na asiyeweza kubeba wajibu huo kwa sababu za kisaikolojia. Soma tena, hakuna jina la ugonjwa hata mmoja humo. Haikuandikwa kwamba mwenye faili la namna fulani basi. Anaangaliwa mtu huyu, na uelewa wake kuhusu ndoa hii. Na kanuni ya 1096 inataka walau ajue kwamba ndoa ni muungano wa kudumu wa mwanaume na mwanamke, unaoelekea kupata watoto kwa ushirikiano wa miili yao. Hakuna anayetakiwa kujua kusoma. Dada anarudisha chenji ya elfu mbili bila kukosea, ya elfu kumi inamchanganya, na hilo Paroko hakuliuliza kabisa.

Nilimuuliza yeye anapimaje. Akasema anazungumza na kila mmoja peke yake, wazazi wakiwa nje, kwa maneno mafupi, tena si mara moja. Anataka kuona kama mtu anaelewa kwamba ni mwenzake huyu na si mwingine, kwamba ni hadi kufa, kwamba mwenzake ataugua, kwamba mtoto analia usiku. Na zaidi ya yote, anataka kuona kama mtu huyu anaweza kusema hapana, maana asiyeweza kukataa hata ndiyo yake huijui. Akaongeza, "Wengine jibu litakuwa hawawezi, na nitawaambia kwa upole. Lakini siwezi kumwambia hawezi kabla sijamuuliza."

Niweke wazi kitu hapa, kwa sababu najua wapo watakaonisoma vibaya. Sisi hatusemi kila anachotaka mtu kiruhusiwe. Usafi wa moyo unamhusu dada yangu kama unavyonihusu mimi, kwa kipimo kilekile, si kikali zaidi wala kilegevu zaidi. Lakini usafi wa moyo hufundishwa. Mimi nimefundishwa tangu Kipaimara, kwenye mafungo, kwenye makambi, hadi nikachoka. Yeye alifungiwa mlango tu, tukauita mlango huo usafi. Na hata ndoa ikishindikana, urafiki haushindikani. Kusimama na mtu mezani mkipanga chupa za sabuni si jambo la kuombewa kibali cha askofu.

Kuna suala jingine linalofanyika kimyakimya, na litawaudhi baadhi. Ipo familia inampeleka binti mwenye ulemavu wa akili achomwe sindano ya uzazi wa mpango, au hata kufungwa kizazi, bila yeye kuelezwa. Sababu inayotolewa ni "ili hata ikitokea." Ikitokea nini? Ukilisema hilo umeshakubali kwamba atabakwa, ukajiandaa kuficha matokeo. Sindano haimzuii mbakaji. Inamwondolea hofu ya kugundulika.

Hili lina historia, na Kanisa lilisimama. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Carrie Buck wa jimbo la Virginia. Alikuwa msichana aliyelelewa na familia isiyo yake. Alibakwa na ndugu wa familia hiyo, akapata mimba, nao wakampeleka kwenye taasisi ya watu walioitwa wapungufu wa akili. Mahakama ikaruhusu afungwe kizazi kwa nguvu, majaji wanane kwa mmoja. Huyo mmoja aliyekataa, Pierce Butler, alikuwa Mkatoliki. Baadaye waliochunguza habari za Carrie hawakuona hata dalili ya ulemavu huo. Aliyemdhuru alitoka ndani ya nyumba, na aliyefungiwa akawa yeye. Miaka mitatu baadaye, Desemba 31, 1930, Papa Pius wa Kumi na Moja katika waraka Casti Connubii alikataa serikali kuwazuia kufunga ndoa watu wenye uwezo wa ndoa, au kuwaondolea uzazi bila ridhaa yao, kwa hofu ya aina ya watoto watakaowazaa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006, unasema mambo yanayokaribiana na hayo katika ibara ya 23: haki ya kufunga ndoa kwa ridhaa huru, na haki ya kubaki na uwezo wa kuzaa. Ibara ya 16 inadai walindwe na unyanyasaji. Mkataba ni mmoja, na haukuona shida kuziweka zote mbili. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Utaniuliza mbona Vatikani ilishiriki kuuandaa kisha haikusaini. Ilikuwa kwa sababu ya maneno kuhusu afya ya uzazi katika ibara ya 25, ambayo iliona yanaweza kutumika kutetea utoaji mimba. Haikuwa kwa sababu ya ibara ya 23.

Siwezi kuliacha jina la Jean Vanier, maana vijana wengi tumemsikia kwenye mafungo. Mwaka 1964, katika kijiji cha Trosly-Breuil, Ufaransa, alianza kuishi nyumba moja na watu wenye ulemavu wa akili, na jumuiya za L'Arche zikaenea duniani. Alilifundisha Kanisa kwamba watu hawa wana cha kutupa sisi. Alifariki Mei 2019. Februari 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza kwamba uchunguzi umethibitisha aliwadhulumu wanawake kingono akitumia nafasi yake ya kiroho, na ripoti ya 2023 ikahesabu wasiopungua 25. Uchunguzi haukukuta kati yao mwenye ulemavu wa akili. Mimi nilipoisoma habari ile nilikumbuka msindikizaji wetu. Tulikuwa tumemwangalia sana kaka wa sabuni, lakini yule mwingine hatukumwangalia hata kidogo, kwa sababu alikuwa anaheshimika.

Fungua sasa Injili ya Yohane, sura ya 9. Tunamkumbuka yule kipofu, matope na bwawa la Siloamu. Safari hii waangalie wazazi wake. Wanaitwa na wakubwa wa dini, wanaulizwa habari za mtoto wao, nao kwa kuogopa kufukuzwa katika sinagogi wanajibu kwamba mwana wao ni mtu mzima, aulizwe yeye, atajisemea. Walisema kwa woga, kujiokoa. Lakini walichosema kilikuwa kweli, na yule mtu alipoulizwa alijieleza vizuri kuliko wote waliokuwepo. Halafu linganisha na Marko sura ya 10: umati unamnyamazisha Bartimayo, Yesu anasimama na kumuuliza anataka afanyiwe nini. Lilikuwa jambo linaloonekana kabisa, kipofu atataka nini kingine? Akamuuliza hata hivyo.

Mkilitumia somo hili jumuiyani, msianze kwa kujadili kama "watu hao" waoe au wasioe. Anzeni kwa kuulizana ni nani mwenye ulemavu wa akili katika kigango chenu, anaitwa nani, na rafiki yake ni nani ambaye si ndugu. Kwetu jibu la hilo la mwisho lilituaibisha.

Nyumbani tumebadilisha mambo kidogo kidogo. Tunafanya mazoezi ya "sitaki". Ninamwomba Dada kipande cha chapati yake, anasema sitaki, na mimi natakiwa kukubali bila kununa. Sasa ameizoea kiasi kwamba anakataa hata kuosha vyombo, na Mama ananilaumu mimi. Simu yake imerudishwa ikiwa na namba ya Sista na ya mama mkubwa anayeishi Kihonda, watu wawili wasiolala nyumba moja naye. Tumemwambia kwamba mtu akimpa zawadi na kumwambia asiseme, huyo ndiye wa kusemwa kwanza.

Kwa kaka wa sabuni nilirudi Jumapili moja, nikasubiri wateja waondoke, nikamwomba msamaha. Akaanza kunijibu. Kigugumizi kikamshika tena, na safari hii nilisimama hadi mwisho. Alichokuwa anataka kusema, na huenda ndicho alichotaka kusema siku ile, ni kwamba anaomba kuja kumsalimia Baba. Alikuja na chupa mbili za sabuni. Baba alizipokea, wakakaa barazani karibu saa nzima, sidhani kama walisema maneno kumi.

Paroko amesema atawaita baada ya Pasaka, kila mmoja peke yake. Sijui watamwambia nini. Mimi nilimuuliza Dada lile swali lake mwenyewe, kama anataka kuolewa. Alifikiri muda mrefu huku anachambua mchele, akasema, "Kwanza nataka akae benchi letu."

Jumapili iliyopita, Misa ya pili, Baba alisogea.